Wauzaji wa helikopta za rimoti Mwanza, acheni kusingizia upepo wa ziwa

Wakuu,

Nimechoka na naandika nikiwa na hasira. Mtu anajichanga, ananunua helikopta ndogo ya rimoti hapa mjini, anaipandisha usawa wa kifua ili itulie hewani, haitulii. Mwili unatetemeka, mkia unapiga kushoto kulia, mara inaanza kuchora duara linalozidi kupanuka mpaka inajibamiza chini. Akirudi dukani jibu ni lile lile: "Kaka, huo ni upepo wa ziwa." Akibisha anaongezewa la pili: "Mkono wako bado, fanya mazoezi." Mashine yenyewe hakuna anayeishika. Jibu hilo nimepewa mimi, kapewa jirani yangu wa Kitangiri, wamepewa vijana wa Nyegezi ninaorusha nao wikiendi. Haiwezekani sote tuwe na mikono mibovu.

Tuanze na huo upepo, maana ndio ngao yao. Ni kweli, mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani unakuja mjini, na usiku unageuka. Mvuvi yeyote wa dagaa atakueleza. Ni kweli pia kwamba ukirusha nyuma ya miamba yetu hii mikubwa, hewa inajikunja na inaweza kuikandamiza mashine chini ghafla. Lakini upepo una dalili zake. Unaisukuma mashine nzima kwenda upande mmoja, ukikatika unaona imeachiwa. Upepo hautoi mtetemo mfululizo wa haraka, mpaka bomba la mkia linaonekana limefifia kingo. Na mtetemo wangu mimi niliuona ndani ya ukumbi mkubwa wa harusi, madirisha yamefungwa, feni zimezimwa. Ziwa liliingilia wapi humo?

Nilipomwambia hivyo muuzaji, akaibuka na jipya: Mwanza tuko juu, hewa ni nyepesi. Sawa, uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 10. Matokeo yake yanajulikana: mapanga yazunguke kwa kasi zaidi au yakate hewa kwa pembe kubwa zaidi ili kubeba uzito ule ule, mota inapata kazi zaidi, betri inawahi kuisha. Mashine inakuwa nzito kupanda. Haitetemeki kwa sababu ya mwinuko! Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeuza bidhaa hii alipaswa kuyajua kabla hajafungua duka.

Sasa nilichokikuta. Mashine yangu ni ya saizi ambayo mapanga makuu yakitandazwa yanafika kama sentimita 70 ncha hadi ncha. Niliyatoa mapanga yote mawili nikayapeleka kwa sonara, kwa sababu mizani yake inasoma sehemu ndogo za gramu. Moja lilikuwa zito kuliko mwenzake kwa zaidi ya gramu moja. Mtu atasema gramu moja ni kitu gani. Kichwa cha helikopta hii, yaani kile kitovu kinachoshika mapanga, kinazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Kwa kasi hiyo tofauti ya gramu moja katikati ya panga inavuta kichwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo moja, na mvuto huo unahama upande hadi upande zaidi ya mara 40 kila sekunde. Ndio mtetemo wenyewe huo. Nilibandika utepe kidogo kwenye lile jepesi mpaka uzito ukalingana, nikarusha tena kwenye ukumbi ule ule, mtetemo ukapungua sana. Haukuisha.

Haukuisha kwa sababu ya shafti. Ndani ya kichwa kuna shafti nyembamba inayopita katikati na kushika mapanga yote mawili. Niliitoa nikaiviringisha juu ya kioo cha dirisha. Shafti iliyonyooka inateleza kimya na mwanga haupiti chini yake. Hii ilikuwa inarukaruka. Imepinda. Na shafti hiyo haipindi ikiwa ndani ya boksi, inapinda helikopta ikianguka na panga likapiga chini. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeshalika kabla sijavigusa, na kwenye beringi kulikuwa na mchanga. Mashine niliyouziwa kama mpya ilishaanguka kwa mtu mwingine, ikafutwa vumbi, ikarudishwa kwenye boksi, ikatiwa nailoni. Ninalo hilo kwa picha zenye tarehe, na picha za skrubu nilizipiga kabla ya kufungua chochote.

Jibu la duka: "Umeshaifungua, haturudishi." Na pale chini ya risiti wameandika mali ikishauzwa hairudishwi. Wajue kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na kuuza kitu kilichoanguka ukakiita kipya ni kumpotosha mteja.

Linaloniuma zaidi ni fundi wao, maana alichukua pesa. Nilimwambia mkia unayumba. Hakukagua mkanda wa mkia, ule unaozungusha feni ya mkia, ambao nilipoubonyeza kwa kidole nilikuta umelegea. Hakugusa mapanga. Alifungua kifuniko, akaongeza usikivu wa jairo, akafunga, akasema tayari. Nikarusha, mkia ukawa unapiga haraka kuliko mwanzo. Jamani, jairo kazi yake ni kuhisi mwili unapogeuka bila kuamriwa na kuuambia mkia urudishe. Usikivu ukiwa mdogo mkia unateleza polepole. Ukiwa mkubwa mno mkia unarudisha kupita kiasi, unarudisha tena, unakuwa hautulii kushoto wala kulia. Na mashine ikiwa inatetemeka, jairo linasoma mtetemo ule kana kwamba ni mzunguko wa mwili, linaanza kupambana na kitu kisichokuwepo. Kuongeza usikivu hapo ni kumpa panadol mtu aliyevunjika mguu. Kwanza unaondoa mtetemo, kisha unakaza mkanda wa mkia, kisha unahakikisha vishikio vya mkia vinateleza bila kukwama, ndipo unagusa jairo. Fundi anayeanzia mwisho na kudai malipo hafai kuitwa fundi.

Niwe muungwana, yapo mambo ambayo si ubovu na msije mkawabana wauzaji nayo. Helikopta ambayo mapanga yake yanazunguka kufuata saa ukiitazama kutoka juu itainama kidogo kulia ikiwa imetulia hewani, kwa sababu feni ya mkia inaisukuma kushoto. Hiyo ni kawaida. Chini ya kimo cha upana wa mapanga, hewa inayogonga ardhi inairudia, lazima iyumbe, kwa hiyo ipandishe. Ukiunganisha betri, iache chini bila kuigusa mpaka jairo limalize kujiweka sawa, ukiitikisa wakati huo itakusumbua safari nzima.

Kwa mnaotaka kununua wiki hii, msilipe kabla hamjaomba mapanga yapimwe mbele yenu na shafti ya kichwa iviringishwe kwenye kioo. Akikataa, ondoka. Bandika utepe wa rangi mbili tofauti kwenye ncha za mapanga, washa, simama mbali, tazama kwa usawa wa macho: rangi zote mbili zikipita mstari mmoja, sawa. Moja ikiwa juu ya nyingine, panga moja lina pembe tofauti, na hilo linarekebishwa kwa kuzungusha kifundo cha fimbo inayobadili pembe yake nusu mzunguko, halafu unatazama tena. Ni kazi ya dakika chache. Duka likishindwa hata hiyo, linauza maboksi tu.

Na kuna jambo ambalo hawa jamaa hawalifikirii kabisa. Tunarusha kwenye viwanja vya wazi, na watoto wakiona helikopta wanakimbilia. Kwa kasi ile niliyotaja, ncha ya panga inakata hewa kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Shafti iliyopinda siku moja inakatika, na panga linaruka lenyewe. Mimi nimesitisha kurusha. Jirani yangu nimemwomba asitishe, na mashine yake nitaifungua tukiwa naye. Je, wangapi wameambiwa "ni upepo" na wanaendelea kurusha karibu na watoto wao?

Wewe mwenye duka najua unasoma humu, vijana wako wamo. Jina lako silitaji leo. Spea ulisema huna, lakini mashine za aina ile ile zimejaa kwenye shelfu lako. Fungua moja, toa shafti iliyonyooka na mapanga yaliyolingana uzito, nipe. Au nirudishie pesa yangu pamoja na ya fundi. Nitakuja Jumatatu asubuhi na risiti, picha, na kioo changu.