Naombeni ushauri: nimenunua Ferret ya jeshi la Uingereza, nataka kujua ilitumika wapi

MzeeWaSpana:
Wakuu habari zenu. Nipo huku Uingereza, upande wa Midlands, kazi yangu gereji. Mwaka jana nilinunua gari dogo la deraya, Ferret Mk 2, kwa familia ya mkulima mmoja marehemu, lilikaa bandani miaka na miaka, injini ni ile Rolls-Royce B60 ya petroli silinda sita na imeshawaka, kwa hiyo ufundi sio shida yangu. Shida ni historia. Kadi ya gari niliyopewa ni ya kiraia, inaanzia pale lilipotoka jeshini, ya nyuma yake hamna kitu.

Sasa juzi napiga msasa ubavuni nikakuta juu kijani, chini yake rangi ya mchanga, halafu kijani tena iliyokolea. Moyo ulinienda mbio. Marehemu babu alikuwa anaishi Magomeni Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi pale Colito, ndo Lugalo ya leo, na alikuwa akitusimulia alfajiri ile ya tarehe 25, makomando wa Kiingereza wanashushwa na helikopta toka manowari Centaur, baadae vigari vya deraya vikaonekana mjini. Nimesoma vilikuwa Ferret za 16th/5th Lancers, kikosi cha deraya cha Waingereza, waliotoka Aden. Je hii yangu inaweza kuwa mojawapo? Naanzia wapi jamani?

Kipepe:
Hongera sana mkuu. Weka picha.

Binti_Coventry:
Kaka, Ferret zilitengenezwa na Daimler hapa hapa Coventry, 1952 mpaka 1971, jumla 4,409, kwa hiyo kabla ya yote jua yako ilitoka kiwandani mwaka gani. Ikiwa ni baada ya Januari 1964 swali limekwisha.

FundiDeraya:
Mkuu acha msasa kwanza, nakuomba! Unafuta ushahidi. Namba ya jeshi ndo ufunguo wa kila kitu, nayo ni tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, ilipakwa kwa rangi mbele na nyuma, na mara nyingi wakati wa kuuza inafunikwa tu kwa rangi nyingine. Lowesha msasa laini kabisa, sugua taratibu tabaka moja moja, piga picha kila hatua. Halafu tafuta kibati cha ndani, kitakuwa na namba ya chesisi na namba ya mkataba.

Ukishazipata andikia makumbusho ya vifaru Bovington, kule Dorset. Wao ndo wana kadi za kumbukumbu za magari ya deraya, unalipia kidogo wanakutumia nakala. Ingekuwa lori au Landrover ungeenda makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi na usafirishaji cha jeshi. Kadi inaonyesha liliingia jeshini lini, lilipelekwa bohari gani, vikosi gani, likaondolewa lini.

Na hiyo rangi ya mchanga isikupe uhakika, Waingereza walikuwa na majeshi Libya na Ghuba pia, na wapo wenye magari wanaopaka tu wapendavyo.

Binti_Coventry:
Naongezea, kadi itasema kikosi lakini haitakuambia kama siku ile gari lilikuwa kwenye manowari Centaur. Hapo nenda Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, fungu la WO 305 ni taarifa za vikosi. Na makumbusho ya Lancers yapo Thoresby, Nottinghamshire, waulize picha za 1964, namba huwa inasomeka kwenye picha.

MzeeWaSpana:
Nimerudi wakuu. Nimekaa siku mbili na msasa wa maji kama mlivyosema, namba imetoka mbele chini ya tabaka la mchanga!! Yani ilikuwepo kabla halijapakwa mchanga. Tatizo tarakimu ya mwisho imekwanguka, sijui ni 3 au 8. Niombe kadi zote mbili?

FundiDeraya:
Safi sana. Omba zote mbili, na uwape namba ya chesisi ya kwenye kibati, kadi inayolingana na chesisi ndo yako. Ila angalia kibati hakijatoka kwenye gari lingine, linganisha na mwaka wa mkataba.

MzeeWaSpana:
Sawa kiongozi. Barua naandika usiku huu, na picha ya babu nitaiweka ndani ya bahasha.