Nani mwenye neno la mwisho katika mradi wa programu huria?

Swali

Ndugu zangu, naomba mnieleweshe. Nimechangia mradi mmoja wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, kwa takribani mwaka mzima. Mwezi uliopita nilituma marekebisho ambayo watunzaji wawili, yaani wanaokagua na kuingiza mabadiliko, waliyajadili kwa kirefu, mmoja akiyaunga mkono na mwenzake akiyapinga, na hadi leo hayajaingizwa wala kukataliwa. Mradi hauna mkurugenzi, na wengi wetu hatulipwi. Katika jumuiya ya namna hii, nani huamua, na mamlaka hayo huyapata wapi?

Jibu la kwanza

Leseni huria humpa kila mtu haki ya kuusoma, kuubadili na kuusambaza msimbo, lakini haimpi haki ya kuingiza mabadiliko yake katika hazina kuu ya mradi, yaani mahali panapohifadhiwa msimbo wake rasmi. Mamlaka yako kwa wale walioshika ufunguo wa hazina hiyo, na kila jumuiya ina namna yake ya kuugawa. Katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, marekebisho hupitia kwanza kwa mtunzaji wa sehemu husika, kwa mfano sehemu ya mtandao au ya mifumo ya mafaili, naye akiridhika huyapeleka juu hadi yamfikie Torvalds. Kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuusoma kila mstari, ngazi zote hizo husimama juu ya kuaminiana. Debian, mradi unaotengeneza mfumo endeshi unaotumia kerneli hiyo, wamefuata njia nyingine: wana katiba tangu 1998, humchagua kiongozi kila mwaka, na wanachama wanaweza kuutengua uamuzi wake kwa kura. Binafsi naipenda zaidi njia hii, ingawa mijadala yake huchosha.

Jibu la pili

Tazama pia Python, lugha ya kuandikia programu. Guido van Rossum, aliyeiunda, alikuwa na kauli ya mwisho hadi Julai 2018, alipojiuzulu baada ya mabishano makali kuhusu pendekezo moja la sarufi ya lugha hiyo. Wasanidi wakuu walilazimika kujadili upya namna ya kujiongoza, na mwaka 2019 wakachagua baraza la watu 5. Kwa kisa chako, hata hivyo, kanuni ya miradi ya Apache, wakfu unaosimamia programu huria nyingi, inafaa zaidi: anayepinga badiliko la msimbo sharti aeleze sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiki. Mwombe mpinzani wako aandike sababu zake waziwazi.

Muuliza swali

Nashukuru. Je, wakiendelea kunyamaza, naweza kuunakili msimbo na kuanzisha mradi wangu?

Jibu la tatu

Leseni inakuruhusu, na haki hiyo ndiyo inayowafanya viongozi wawasikilize wachangiaji. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilizaliwa hivyo mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, io.js nayo ilijitenga na Node.js, jukwaa la kuendeshea programu za JavaScript, mwaka 2014, kisha mwaka uliofuata zikaungana tena chini ya utaratibu mpya wa uongozi. Lakini kunakili msimbo ni kazi ya dakika chache, ilhali kuwapata watu wa kuutunza ni kazi ya miaka.

Nakusihi pia usiuchukulie ukimya kuwa dharau. Mtunzaji wa XZ Utils, programu ya kubana mafaili, aliyekuwa karibu peke yake na aliyeeleza kwamba matatizo ya afya ya akili yalimpunguzia uwezo wa kuutunza mradi, alishinikizwa apokee msaidizi. Msaidizi huyo alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kuingilia kompyuta za watu, uliogunduliwa Machi 2024. Kwa hiyo, tahadhari ya watunzaji wenu ina sababu. Jitolee kukagua marekebisho ya wenzako, kwa kuwa kazi hiyo huwapunguzia mzigo na huwaonyesha jinsi unavyofikiri. Je, mradi wenu una faili linaloeleza jinsi maamuzi yanavyofikiwa?

Muuliza swali

Nimetafuta, halipo. Nitaandika rasimu fupi na kuwapelekea watunzaji wote wawili, pamoja na ombi kwamba sababu za pingamizi ziandikwe.