Vumbi la mbao uani: mashine ya mfuko au vakyumu na pipa?

FundiWaUani
Assalaam alaykum jamaa. Nina kibanda cha useremala uani kwangu, Kisauni, futi 10 kwa 14. Mna msumeno wa meza, mashine ya kuranda ya inchi 13 na msasa wa umeme wa kushika mkononi. Nafanya kazi jioni nikitoka ofisini: stuli, makabati, vitanda vya watoto. Juzi jirani kaanua kanzu yake ya Ijumaa, imejaa unga wa mvule hadi mfukoni. Alinionyesha tu akanyamaza. Afadhali angenitukana.

Nimeona mashine ya kuvuta vumbi ya mfuko, ya hospawa 1, na vakyumu yenye pipa la kutenganisha maranda kabla hayajafika kwenye kichujio. Bei zinakaribiana, na zote mbili siziwezi. Nichukue ipi?

Msumari_Changamwe
Ya mfuko, wala usisumbuke. Randa ya inchi 13 yataka hewa futi za ujazo 400 hivi kwa dakika; vakyumu haifiki hata nusu. Kimpira chake cha inchi 2 kitaziba ubao haujatoka upande wa pili. Tumia mpira wa inchi 4, mfupi, na usikubali mtu akuzungushie mabomba kibanda kizima. Kila kona hula upepo.

BintiMtwapa
Kaka, hapo tunapingana. Maranda unafagia yakaisha. Kinachodhuru ni ule unga usiouona, na kwake yeye mwingi watoka kwenye msasa. Mifuko mingi ya mashine rahisi hushika chembe za mikroni 30 kwenda juu (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na zinazofika mapafuni ni chini ya 10. Hapo umenunua feni ya kurusha vumbi! IARC, wale wa utafiti wa saratani, waliweka vumbi la mbao kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani, tangu 1995. Na mvule wenyewe ni mkali, mimi hunitoa vipele shingoni.

Msumari_Changamwe
Sikatai dada. Basi abadilishe mfuko, atafute wa mikroni 1.

BintiMtwapa
Na msasa je? Tundu lake ni dogo. Ukiubana mpira wa inchi 4 uingie pale, ile mashine haina nguvu ya kuvuta. Vakyumu ndiyo kazi yake hiyo.

MzeeWaForodhani
Wanangu, mmesahau upepo. Mlango wa kibanda watazama wapi? Kusi ikivuma, vumbi laenda kwa nani? Na kaskazi je? Ukiiweka ya mfuko nje, wewe utapumua vizuri, kanzu ya mwenzio ndiyo itakayopumua vumbi.

FundiWaUani
Shikamoo mzee. Kusi yote humwendea yeye.

StimaBamburi
Kabla ya kulipa, soma kibati cha mota. Ikiwa ni mtumba wa Marekani, volti 110 na hetsi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), transfoma itakurekebishia volti peke yake. Kwa hetsi 50 zetu mota itapungua mwendo kama moja ya sita, na upepo nao ushuke. Halafu ekstensheni ya gurudumu ikunjue yote, ikibaki imeviringwa hupata moto. Mle ndani mna unga wa mbao, usicheze.

FundiWaUani
Nimechukua vakyumu na pipa, nikaongeza kichujio cha HEPA, kile cha kushika unga mwembamba kabisa. Kazi yangu nyingi ni msasa, Binti kanipata hapo. Jana nimepiga msasa meza nzima na pipa limeshika karibu kila kitu, kichujio hakijabadilika rangi. Msumeno bado watema chini ya meza, kwa hiyo barakoa sivui. Randa naitoa nje Jumamosi alfajiri, kabla hawajaanika, na gunia nimelifunga mdomoni mwake.

Jirani anafuga kuku, sasa ananiulizia maranda. Nimempa ya saiprasi. Ya mvule nimemkatalia.

Msumari_Changamwe
Gunia hilo halitamaliza mwezi. Ukipata pesa, rudi tuzungumze habari ya inchi 4.