Naomba ushauri: nyama ya kusaga ya Kikuba imenishinda na mgeni anakuja Jumamosi

Mpishi wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina shida na muda hauko upande wangu. Nataka kupika picadillo, lile rosti la nyama ya kusaga la Kikuba. Jana usiku nilijaribu nusu kilo. Nyama ikatoa maji mpaka ikawa inachemka badala ya kukaangika, rangi ya kijivu kama maji ya mfereji, zabibu zimevimba kama kupe walioshiba. Nikaila mwenyewe na ugali, taa nimezima.

Nina nyama kilo 2 kwenye friza, hoho, vitunguu, zabibu kavu, pilau masala na pilipili mbuzi. Maswali mawili: nyama ikauke vipi, na zabibu ni lazima? Wenye uzoefu tu tafadhali.

BintiMakange
Mkuu, umejaza sufuria. Nyama ya friza iyeyushe kwanza, ichuje maji, kisha moto mkali na kikaango kipana, uikaange mafungu mafungu mpaka isikike inalia. Ikishika rangi itoe. Hapo hapo weka mafuta ya zeituni, kitunguu kikubwa, hoho moja ya kijani na saumu punje 4, moto mdogo, usiwe na haraka. Huo ndio msingi wao, wanauita sofrito. Rudisha nyama, weka bizari nyembamba, oregano na nyanya ya kopo kidogo. Wao humiminia mvinyo mkavu wa kupikia. Usiyetumia pombe weka kijiko cha siki na supu kidogo. Viazi vikate kama dadu, vikaange pembeni. Zeituni na zabibu mwishoni, dakika 10 zinatosha. Zabibu zako zilivimba kwa sababu uliziogelesha tangu mwanzo.

Pilau masala na pilipili mbuzi rudisha kabatini. Wacuba wengi hawali chakula kikali.

Mswahili wa Kibokoni
Nyama ya kusaga, kitunguu, bizari. Hiyo ni sambusa iliyokosa manda. Sisi Mombasa tunaifahamu, haikuhitaji kuvuka bahari.

Mpishi wa Zamu
Ahsante sana dada BintiMakange. Ila pilau masala nimeshaichanganya na nusu ya nyama, nikairudisha friza ikolee. Naona inaleta harufu nzuri. Na bila pilipili chakula kitapooza, mgeni ni mtu wa huku huku.

BintiMakange
Sasa umeuliza nini kama umeshaamua? Kuna mdalasini, iliki na karafuu humo. Unapika pilau lisilo na mchele.

Kunguru Mweusi
Kwa wasiojua: mwaka 1965 Che Guevara alipita Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo na Wacuba wake. Walijipa majina ya namba za Kiswahili, yeye akaitwa Tatu. Ilipoharibika kule akajificha ubalozi wa Cuba hapa Dar, akawa anaandika kumbukumbu zake. Huwa najiuliza walikuwa wakimpikia nini siku zote zile. Sidhani kama aliuliza habari za zabibu.

Nyota ya Bara
Tuache historia. Mleta uzi, mgeni ni nani? Mtu hawezi kukosa usingizi kwa nyama ya kusaga. Na kwa nini ya Kikuba, si biriani?

Mpishi wa Zamu
Ni mtu mzima ninayemheshimu. Aliwahi kuishi Cuba.

Nyota ya Bara
Aliwahi kuishi Cuba. Na wewe?

Mpishi wa Zamu
Sawa, nasema. Ni baba wa mchumba wangu. Daktari mstaafu, alisomea Cuba kuanzia 1989 hadi 1995. Siku ya kwanza kutambulishwa nilikuwa natetemeka, akataja Havana, mimi nikajikuta nimesema "hata mimi nilikaa Havana miezi sita, kozi fupi". Mzee akafurahi mno, akanishika bega. Juzi ameniambia atakuja nimpikie picadillo "kama tulivyozoea kule".

Sijawahi kuvuka hata Chalinze kwa maana ya safari. Kabla hamjanishambulia: nilikuwa na nia njema, na sasa siwezi kurudi nyuma, mchumba mwenyewe anaamini. Nachohitaji ni mapishi tu.

Mama Wawili
Mwanangu, mwambie ukweli leo. Mimi mume wangu aliniambia ana kiwanja Kigamboni. Nilikwenda kukiona baada ya miaka mitatu, nikaoneshwa bahari.

Mswahili wa Kibokoni
Mama Wawili, uzuri ni kwamba kiwanja cha bahari hakina mgogoro wa mpaka.

Mzee wa Matanzas
Vijana, nimesoma kimya tangu asubuhi. Nilipelekwa Cuba mwaka 1990 kusomea kilimo cha miwa. Mleta uzi, nyama si tatizo lako.

Angalia miaka aliyokuwepo mkweo. Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991, mafuta yakakatika, Cuba ikaingia kipindi wanachokiita *período especial*. Umeme unakatika usiku kucha, watu wamerudi kwenye baiskeli za Kichina. Nyama ya ng'ombe ilikuwa hadithi. Kuchinja ng'ombe bila kibali cha serikali ni kifungo, hata kama ng'ombe ni wako. Kilichokuwepo ni *picadillo de soya*. Nyama kidogo sana, soya nyingi, rangi ile ile ya kijivu uliyoilalamikia, harufu ya gunia lililonyeshewa. Bwaloni tulipakuliwa kwenye sinia la bati lenye vyumba, wali chumba hiki, soya kile, na kwenye chumba cha tatu siku nyingine hapakuwa na kitu. Zeituni niliziona mara moja, kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye ndugu yake alikuwa Miami. Alinipa tatu, nikazila moja moja.

Kwa hiyo ile ya vitabu vya mapishi, yenye zeituni, zabibu na yai la kukaanga juu, ni picadillo ya waliokuwa nacho, au ya Jumapili, au ya Wacuba wa Florida. Huenda mkweo aliila kwa watu, huenda hakuila kabisa. Jumamosi hatakukamata kwenye chungu. Atakuuliza ulikaa mtaa gani, na utajibu "basi la kwenda mjini". Pale basi ni *guagua*. Hilo tu, umekwisha.

BintiMakange
Mzee wangu, nimelia na zile zeituni tatu. Basi apike ya nyumbani kwa yule mama: wali mweupe usio na nazi, maharage meusi, na mzuzu uliowiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, aukaange.

Mpishi wa Zamu
Shikamoo mzee. Guagua nimeiandika. Kuna maneno mengine kama hayo? Hata kumi yatanitosha, namba tayari nazijua mpaka ishirini.

Mzee wa Matanzas
Marahaba. Sikukuandikia ili ukariri.

Kunguru Mweusi
Wakuu, shikeni vikombe, hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nne huyu huyu aliuliza anunue gari gani, Noah au Spacio, akasema, nanukuu, "wife anataka Noah sababu ya watoto". Leo ana mchumba na baba mkwe wa Havana.

Nyota ya Bara
Nilijua! Daktari, Cuba, kushikwa bega. Ilikuwa tamu mno.

Mama Wawili
Yaani nimetoa siri ya kiwanja changu kwa mtu wa kubuni?

Mpishi wa Zamu
Akaunti hii tunatumia na kaka yangu. Noah ni yake.

Kunguru Mweusi
Kaka yako naye aliandika "mimi fundi umeme wa Tabata". Na wewe wiki iliyopita kwenye uzi wa mita za umeme za LUKU ulikuwa fundi umeme wa Tabata. Familia ya mafundi hiyo.

Mswahili wa Kibokoni
Mimi sina neno. Chai bila sambusa haijawahi kunipendeza, leo nimepata vyote.

Mzee wa Matanzas
Kama ni chai, mimi nimeitilia sukari yangu. Ya kwangu ni kweli.

BintiMakange
Jamani, awe ameoa asiwe ameoa, kilo 2 zimo frizani. Mleta uzi, ile nusu ya pilau masala ifanye kababu. Hii nyingine iyeyushe leo usiku.

Mpishi wa Zamu
Nimeitoa. Na nimenunua zeituni kopo dogo, bei ya nyama kilo. Ila zina kokwa. Nizitoe?

Nyota ya Bara
Mke kwanza. Una mke au huna?

BintiMakange
Zitoe. Bapa la kisu, gandamiza, kokwa inaruka yenyewe.

Mpishi wa Zamu
Ahsante dada. Natoa kokwa.