Wakuu, TV ya chogo yenye tundu la antena peke yake itapona tarehe 31?

mzaramo_halisi
Wakuu heshima kwenu. Kila nikiwasha TV siku hizi nakutana na tangazo la analojia na dijitali, eti tarehe 31 mwezi huu wa Disemba 2012 saa sita usiku wanazima mitambo ya analojia Dar nzima na asiye na king'amuzi atabaki anaangalia chenga. Sasa hapa kwangu Mbagala hali iko hivi. Sebuleni kuna flati ya inchi 32 shemeji alikuja nayo kutoka Dubai, kwenye boksi imeandikwa HD Ready na pia kuna neno digital, muuzaji mmoja wa Kariakoo kaniambia hiyo haihitaji king'amuzi kabisa nichomeke antena tu. Chumbani kwa bi mkubwa kuna chogo la inchi 14, la siku nyingi lakini picha bado nzuri, ila nyuma halina yale matundu ya rangi, lina tundu la antena tu basi. Fundi wa mtaani kwetu anasema hilo tupa, dijitali haliingii. Na bi mkubwa taarifa ya habari ya saa mbili haikosi, ukimkosesha hiyo ujue nyumba nzima hatulali. Nauliza je ni kweli nitupe? Na ninunue ving'amuzi viwili au kimoja kinatosha? Halafu dada yangu yuko Tanga mjini ananipigia simu kila siku ana wasiwasi na yeye zake zitazimwa siku hiyohiyo.

fundi_juani
Mkuu usitupe kitu. Huyo fundi wenu labda analitaka chogo mwenyewe, hahaha.

Kinachozimwa ni mtambo wa kurusha, TV yako haina kosa lolote. King'amuzi kazi yake ni kupokea mawimbi ya dijitali na kuyageuza yawe picha na sauti ambazo TV yoyote inazielewa, hata iwe ya mwaka 1985. Shida inabaki moja tu, ile picha utaiingizaje kwenye TV. Ving'amuzi vingi vinatoa kwa waya wa AV, zile pini tatu, njano ndio picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Chogo la bi mkubwa halina hayo matundu, ndio maana fundi kakimbilia kusema tupa.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo watu wanapoliwa hela. Utaona king'amuzi nyuma kina matundu mawili ya antena, moja kuingia moja kutoka, mtu anaunga lile la kutoka kwenda kwenye TV, anasachi mpaka anachoka, hapati kitu. Kwenye vingi lile tundu linapitisha tu mawimbi ya antena kama yalivyoingia, haligeuzi chochote. Unachotaka ni king'amuzi chenye modulata ndani, yaani kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya antena, au ununue modulata pembeni, kile kiboksi kidogo unachomeka pini za AV upande huu, upande wa pili unatoka waya wa antena. Ukienda dukani usiulize "kina RF?" yaani tundu la antena, maana watakujibu kinayo, waambie wakiwashe hapohapo kwenye TV isiyo na AV uone kwa macho yako.

Na kama hutaki kununua modulata, tafuta deki ya zamani ya kaseti, zile kubwa za VHS, kila nyumba ya Dar kuna moja uvunguni. Ile deki ina modulata ndani. Pini za king'amuzi chomeka kwenye AV IN ya deki, waya wa antena utoke kwenye deki kwenda kwenye TV, deki iweke kwenye AV au LINE, halafu kwenye TV sachi kwa UHF, yale masafa ya juu, mara nyingi utaikuta kwenye chaneli za 30 na kitu mpaka 40. Ikitokea seti namba moja, umemaliza. Kaseti yenyewe hata kama mkanda unaliwa haijalishi, hatutumii hiyo.

Kuhusu flati ya Dubai. HD Ready inasema skrini inaweza kuonyesha picha kali, haisemi kabisa kama inapokea mawimbi ya dijitali. Neno digital nalo halitoshi, kuna TV za Marekani zina dijitali ya kwao, Japani wana ya kwao, Ulaya wana DVB-T na hiyo mpya DVB-T2. Fungua kitabu chake, ukurasa wa mwisho kwenye mambo ya kiufundi, tafuta neno DVB-T2 na MPEG-4, hiyo ya pili ni namna ya kubana picha. Ukikuta DVB-T peke yake haitoshi, king'amuzi kiko palepale. Na hata ukiikuta T2 bado hawa wenye ving'amuzi chaneli zao nyingi wamezifunga kwa kadi, kwa hiyo TV peke yake utapata chache au usipate kabisa. Muuzaji huyo mwambie akuandikie kwenye risiti kwamba haihitaji king'amuzi uone kama atakubali.

Ving'amuzi viwili au kimoja, inategemea amani ya nyumba yenu. Kimoja unaweza kukigawa kwenda TV mbili, ila wote mtaona chaneli moja. Mkitaka huku mpira kule tamthilia, viwili.

Kalamu ya Temeke
Mi nauliza tu, nani aliomba hii dijitali? Analojia ilikuwa na kosa gani, mnatulazimisha kununua maboksi mwezi wa sikukuu watoto wanadai nguo na Januari ada. Wenzetu Kenya nao walitaka kuzima Nairobi, watetezi wa walaji wakaenda mahakamani. Sisi tunachojua ni kunyamaza tu.

fundi_juani
@Kalamu ya Temeke hasira yako naielewa, mi mwenyewe nina watoto. Ila hili halijaanzia TCRA, hawa wa mamlaka ya mawasiliano. Mwaka 2006 nchi zilikaa Geneva chini ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wakakubaliana 17 Juni 2015 ndio mwisho wa kulinda analojia kwenye UHF. Baada ya hapo mtambo wako wa analojia ukiingiliwa na wa jirani huna pa kushtaki. Sisi huku tukajiwekea tarehe ya mapema zaidi. Na faida ipo, nafasi iliyokuwa inabeba chaneli moja ya analojia sasa inabeba kumi na zaidi, masafa yanayobaki yanaenda kwenye intaneti ya simu. Ugomvi wangu mimi ni maboksi, kila kampuni lake na kadi yake, wangeweka king'amuzi kimoja kinashika zote.

mama_watatu
Jamani mi si fundi ila nimeshahama analojia tangu mwezi wa saba niko Tabata, niwaambie ambayo dukani hawasemi.

Kwanza antena. Ile ya ndani ya masikio mawili kwangu ilikuwa inashika ITV ya zamani kwa chengachenga lakini mtu unaona. Dijitali haina chengachenga, ni picha safi au inaganda na kukatika viboksi viboksi halafu giza. Watoto walikuwa wanaishika antena kwa mkono mmoja akitoka tu imeganda. Nikatafuta ya nje, ile yenye vijiti vifupi vingi, UHF, ikapanda juu ya paa, kwisha habari. Mwangalie na jirani ambaye yake inashika vizuri ameelekeza wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama, nanyi wekeni hivyohivyo. Waya wa bapa wa zamani utoeni, wekeni ule wa duara.

Pili msikubali kutishwa na malipo. Chaneli tano za nyumbani yaani TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten ni za bure, kifurushi kikiisha zinatakiwa ziendelee kuonekana. Dukani kijana alitaka kunilipisha mwezi mzima ndio "awashe", nikamwambia niwashie hivyohivyo bila kulipa nione, zikatoka zote tano, akaanza kucheka cheka.

Tatu rimoti zinakuwa mbili, ya TV na ya king'amuzi. Bi mkubwa mtamfundisha upya. Kwangu mama mkwe alikuwa anabadili chaneli kwa rimoti ya TV, inatoka kwenye AV, skrini inakuwa ya bluu anaita "wamekata!" Nikaifunika rimoti ya TV kwa soksi, sasa anatumia moja tu.

Sukuma_wa_Nyegezi
Huku Mwanza tunaambiwa sisi ni 28 Februari. Mkuu mwenye mada, dada wa Tanga asiogope ya mwezi huu, Tanga na Dodoma ni 31 Januari, Arusha na Moshi mwisho wa Machi, Mbeya 30 Aprili. Na sehemu ambayo mitambo ya dijitali haijafika analojia haizimwi kwanza. Wenye madishi na wanaotumia kebo za mtaani pia haiwahusu hii, wanaozimiwa ni wa antena za kawaida.

Kwa wenye sola kama mimi nyumbani kijijini, angalieni adapta ya king'amuzi. Vingi ni volti 12, kwa hiyo unaweza kukiunga moja kwa moja kwenye betri bila inveta, ila wekeni fyuzi na mhakikishe chanya na hasi mara mbili kabla ya kuchomeka.

fundi_juani
Naongeza moja kabla sijaenda kazini. Kuna watu wanapita nyumba hadi nyumba wanasema watakufungulia TV wakuwekee "chipu ya dijitali" ndani. Hakuna kitu hicho kwa hayo machogo. Na chogo hata likichomolewa kwenye umeme ile skrini inabaki na umeme mkali sana, asiyejua anaweza kurushwa vibaya. Mtu akija na bisibisi mlangoni mpeni maji ya kunywa aende zake.

mzaramo_halisi
Wakuu mmenisaidia sana. Kitabu cha flati nimekifungua, imeandikwa DVB-T tu, T2 hakuna, kwa hiyo muuzaji kashindwa. Deki ya VHS nimeipata kwa mjomba Kigamboni kaniazima bure, nikaunga na king'amuzi cha jirani kujaribu, picha ya TBC1 imekuja kwenye chogo safi kuliko hata ya mwanzo. Tatizo sauti, inakoroma kama redio iliyo nje ya stesheni, maneno husikii. Bi mkubwa anasema bora ile ya chenga aliyokuwa anasikia.

fundi_juani
Picha safi sauti inakoroma ni mfumo wa sauti haujakubaliana kati ya deki na TV. Nyuma ya deki au kwenye menyu ya TV tafuta B/G na I, wakati mwingine imeandikwa 5.5 na 6.0. Badili upande mmoja tu, usibadili zote mbili. Ikigoma kwenye TV, angalia deki kuna kaswichi kadogo karibu na tundu la antena, kanasogezwa kwa bisibisi ndogo.

mzaramo_halisi
Kaswichi kako kwenye deki kweli, kameandikwa G na I. Nimekasogeza, sauti imetoka. Sasa mjomba akidai deki yake nitamwambia nini?

mama_watatu
Mwambie inafanyiwa sevisi 😂