Tupeane uzoefu: kusuluhisha makosa ya wanafunzi pamoja na wazee wa kijiji, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari moja ya kata wilayani Newala. Nafungua mada hii kwa walimu, wazazi na viongozi wa vijiji waliowahi kuona shule ya serikali ikilishughulikia kosa la mwanafunzi kwa kumkutanisha na yule aliyemkosea, wazee wakiwapo. Wataalamu huuita utaratibu huu haki rejeshi. Wanaosimulia historia yake huanzia Elmira, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako mwaka 1974 vijana wawili waliokiri makosa 22 ya kuharibu mali walipelekwa kuonana na waathirika wao na kisha kuwalipa. New Zealand nayo iliweka vikao vya familia katika sheria yake ya watoto ya mwaka 1989, ikichota katika mila za Wamaori. Wazee wetu nao walikuwa na vikao vyao, lakini kuvisifu ni jambo moja na kuviingiza shuleni ni jambo jingine, kwa hiyo naanza na yaliyotukuta sisi.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, wavulana watatu wa kidato cha pili waliokota korosho katika shamba la mama mmoja mjane aliye jirani na shule, wakaziuza kwa mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kinyemela nje ya utaratibu rasmi. Zamani shauri kama hilo lingekwisha asubuhi moja kwa viboko na barua ya kusimamishwa masomo, na mama angebaki bila korosho zake na bila neno lolote kutoka kwa waliomwibia. Safari hii mkuu wa shule alikubali tumwite mwenyekiti wa kitongoji, wazee wawili na wazazi, tukae chini ya mwembe, na kila mmoja aulizwe nini kilitokea, nani ameumia, na nini kifanyike ili mambo yatengemae.

Mama alipopewa nafasi hakuanza na korosho. Alisema watoto wale walikuwa wakinywa maji kwake kila siku wakitoka shule, katika mtungi ule ule anaonywea yeye, na sote huku tunajua maji yanavyopatikana kwa tabu. Tangu siku ya wizi alikuwa ameuingiza mtungi ndani. Mmoja wa wavulana alianza kulia kabla hajaulizwa lolote. Mama aliomba waje Jumamosi nne kumwokotea korosho, kuzianika na kuzibeba hadi chama cha msingi cha ushirika, nao wakakubali.

Jumamosi ya pili mmoja hakutokea. Kosa lilikuwa letu: tulimwita baba yake kikaoni, ilhali katika familia nyingi za Kimakonde mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Tulipomwendea mjomba, alikuja yeye mwenyewe shambani na kuokota bega kwa bega na mpwa wake hadi Jumamosi ya mwisho. Mtungi haujarudi barazani, ila wakiomba maji mama huwapa.

Karibuni mtoe ya kwenu, na yaliyoshindikana yasiachwe.

Mzazi, Kilwa

Asante, Mwalimu. Binti yangu alirudi shuleni baada ya kujifungua, kwa ruhusa ile iliyotolewa na Serikali mwezi Novemba 2021. Wenzake watatu walimtungia jina baya, na kila alipoingia darasani walilitamka kwa sauti ndogo. Nilikwenda kulalamika nikitaka waadhibiwe. Mwalimu wa malezi aliniomba subira, akamwita kungwi mmoja anayeheshimika mtaani kwetu, ambaye wasichana wale wote walikuwa wamepita mikononi mwake. Bibi yule hakuwakemea. Alimwomba binti yangu aeleze siku yake ilivyo tangu alfajiri, naye akaeleza jinsi anavyonyonyesha kabla ya kuondoka, jinsi maziwa yanavyomuuma saa nne darasani, na jinsi anavyoogopa kunyoosha mkono kujibu swali. Wasichana wawili waliomba radhi palepale na sasa husoma naye. Wa tatu alinyamaza na hadi leo hasemi naye. Nasema hivyo kwa sababu nisingependa mtu adhani kikao kimoja humaliza yote, lakini jina lile halijasikika tena.

Mwalimu mkuu mstaafu, Masasi

Nami nitasema la kushindwa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Nililitunza daftari hilo kwa miaka mingi, na nilipolipitia nikaona majina ni yale yale yanayojirudia. Ndipo nilipoamua kuwaita wazee. Kikao cha kwanza kilihusu mvulana aliyempiga mwenzake. Sikuwa nimewaandaa wazee, wala sikuzungumza na mtoto aliyepigwa kabla ya siku ile. Wazee walizungumza kwa muda wa karibu saa mbili, wakamkumbusha mkosaji hadi makosa ya marehemu baba yake, kisha wakamwamuru aombe radhi. Aliomba, na wiki iliyofuata aliacha shule. Mtoto aliyepigwa hakupewa nafasi ya kusema hata sentensi moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya hapo niliweka taratibu mbili ambazo sikuzivunja tena: aliyekosewa hutembelewa kwanza na huruhusiwa kukataa kikao, na mzee huwa wa mwisho kusema. Walimu wenzangu walilalamika kwamba tunanyang'anywa mamlaka, na lalamiko lao halikuwa la kupuuzwa, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi tisini darasani anaona kikao cha saa mbili kuwa mzigo. Waliolainika ni wale walioketi katika kikao wakaona wenyewe.

Mjumbe wa kamati ya shule, Nachingwea

Naomba mpaka uwekwe wazi. Kijijini kwetu wapo waliotaka shauri la mtu mzima aliyempa mimba mwanafunzi limalizwe kwa mbuzi na fedha, wakisema huo ndio usuluhishi wenyewe. Tulikataa, tukalipeleka polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataja kifungo cha miaka 30 kwa kosa hilo. Kikao cha shule ni cha makosa ya watoto wenyewe kwa wenyewe au dhidi ya jirani.

Mwalimu, Liwale

Wazee mnawalipa nini? Huku kwetu wameshauliza posho.

Mwalimu, Newala

Mwalimu mwenzangu, sisi hatulipi. Tunapika chai na mihogo, na hatuwaiti kati ya Oktoba na Desemba wanapokuwa mashambani, isipokuwa kwa shauri zito. Kikao chetu kijacho tumekipanga Februari, na safari hii wajomba wataitwa tangu siku ya kwanza.