ULINGANISHO: IDA-71, AVM-5 na LAR V. Vifaa vya kuzamia vya Kisovieti ni imara kweli au ni sifa za bure?

MkusanyajiWaKina:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi hukusanya vifaa vya zamani vya uzamiaji. Kwenye minada ya mtandaoni sasa hivi navizia vitu vitatu: ribriza (kifaa kinachokurudishia pumzi yako) ya Kisovieti IDA-71, ile ya makomando wao wa majini, seti ya mitungi ya hewa ya Kisovieti AVM-5, na ribriza LAR V ya kampuni ya Dräger ya Ujerumani. Wauzaji wa vya Kisovieti wimbo wao ni mmoja: chuma cha Mrusi hakifi. Upande wa pili kuna wanaosema ukiivaa IDA-71 umevaa sanda. Bajeti yangu inatosha kimoja tu, na nataka niweze kuingia nacho majini mara mojamoja, si pambo la sebuleni. Wajuzi mpo?

FundiMitungi:
Naanza na AVM-5 kwa sababu hiyo nimewahi kuifungua mezani. Ni mitungi miwili ya chuma, lita 7 kila mmoja, presha ya kazi bar 150. Piga hesabu: lita 14 mara 150, hewa lita 2,100. Mtungi mmoja wa lita 12 uliojazwa hadi 200, hii ya kawaida ya watalii, unakupa 2,400. Kwa hiyo mgongoni unabeba chuma kingi zaidi na hewa pungufu.

Lakini ndani imetulia. Sehemu chache, shaba nzito, hakuna kitu cha kukufanya uulize "hiki nacho kazi yake nini?" Pia inapokea hewa kwa mpira kutoka juu, kwa hiyo mtu anayekagua tako la meli hategemei mitungi peke yake. Hicho ni kifaa cha kazi.

Tatizo ni mpira. Kiwambo cha seti niliyofungua, ule utando wa mpira unaofungua hewa ukivuta pumzi, nilikibonyeza kwa kidole, shimo likabaki palepale. Nikakikunja kidogo dirishani, kikaonyesha nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Kwa macho ya nje seti ilikuwa inang'aa! Halafu viunganishi vyake havilingani na vya kompresa zetu, unahitaji adapta, na mitungi ya umri huo hakuna mjazaji mwenye akili atakayeigusa bila kipimo cha maji, yaani kuujaza mtungi maji kwa presha kuona kama bado ni mzima.

Kemia_na_Maji:
IDA-71 sasa. Kwa wasioijua ribriza: haitoi mapovu kama mitungi ya kawaida, inasafisha pumzi yako na kukurudishia. LAR V inafanya hivyo kwa njia rahisi, mtungi mdogo wa oksijeni na kopo moja la chokaa ya kunyonya kaboni dayoksaidi. Warusi waliongeza ujanja. IDA-71 ina makopo mawili. Moja ni chokaa, la pili waliweka dutu waliyoiita O-3, ambayo ni supaoksaidi ya potasiamu. Dutu hiyo inanyonya kaboni dayoksaidi na unyevu wa pumzi, na papo hapo inazalisha oksijeni. Ndiyo maana kifaa kile kilimweka mtu chini muda mrefu kwa mtungi mdogo. Kama uhandisi, mimi navua kofia.

Shida ni kwamba dutu hiyo hailewani na maji. Mpira wa mdomoni ukikutoka, maji yakipenya hadi kwenye kopo, unapata joto kali na alkali inayounguza koo. Ikikutana na mafuta ni moto. Nyambizi ya Urusi Kursk, Agosti 2000: watu 23 walikuwa hai sehemu ya 9 ya nyambizi baada ya milipuko, na uchunguzi ulionyesha kuwa makopo ya kuzalisha oksijeni yenye kemia ya aina hiyohiyo yaligusa maji yenye mafuta, moto ukawaka. Yale yalikuwa makopo ya nyambizi, si ya mzamiaji, lakini tabia ni ileile. Wakusanyaji wa Ulaya wanaoizamisha IDA-71 huiacha O-3 kabisa na kujaza chokaa makopo yote mawili.

MzeeWaNyambizi:
Mmeanza na Kursk, basi acheni niwarudishe 1981, maana sifa mbaya inaandikwa haraka kuliko nzuri.

Oktoba 21 mwaka huo nyambizi S-178 iligongwa na meli ya samaki, Refrizherator-13, karibu na Vladivostok. Ikalala kwenye kina cha mita thelathini na kitu. Waliobaki hai sehemu za mbele walikaa humo kama siku mbili, giza na baridi. Njia ya kutoka ilikuwa bomba la kurushia topido, milimita 533 upana, na vifaa vya kupumulia vilikuwa IDA-59, kaka mkubwa wa hiyo IDA-71. Havikuwatosha wote. Wazamiaji wa nyambizi ya uokoaji ya aina ya Lenok wakawapelekea vingine kupitia bomba hilohilo. Wanaume wakafungulia maji yajae ndani, wakatoka mmoja nyuma ya mwingine. Walikufa 32, nakubali, lakini waliofika juu walifika na IDA-59 kifuani. Ukiniuliza mimi kifaa kilifanya kazi yake. Kilichopungua ni idadi.

Kemia_na_Maji:
Mzee, hapo hatupingani. Ila wale walikuwa mabaharia waliofundishwa, na vifaa vina karakana inayobadilisha kemikali kwa ratiba. Mwenzetu hapa anapokea sanduku lililolala ghalani tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike.

DadaWaMwamba:
Mnasahau kina. Kwa oksijeni tupu, IDA-71 ilipangiwa hadi mita 20. Hapo oksijeni unayovuta ina shinikizo la bar 3! Sisi wazamiaji wa burudani tunasimamia bar 1.4, na 1.6 ukibanwa. Jeshi la Majini la Marekani, ambalo LAR V wanaiita MK 25, mwongozo wao unatoa dakika 240 kwenye mita 7 na nusu hivi, na ukiteremka hadi mita 15 ni dakika 10 tu. Ukizidisha unapigwa na degedege chini ya maji, na mara nyingi hakuna dalili ya kukutahadharisha.

Ndiyo maana sikubaliani na kulinganisha "imara" na "imara". LAR V ni ya tahadhari, na vipuri vyake bado unaweza kuvisaka. IDA-71 ilitengenezwa kwa mtu anayekubali hatari kwa amri. Mimi naogelea kwa starehe, nina watoto wawili.

Boliti3:
Mkuu, kama ni Kisovieti tu unataka, achana na yote chukua helmeti ya uzamiaji ya zamani, ile ya boliti tatu. Asili yake ni mfumo wa Denayrouze wa Ufaransa: kola ya mpira ya suti inabanwa kati ya kofia na bamba la kifua, boliti tatu zinashika vyote kwa pamoja. Helmeti ya Mark V ya Marekani ina kumi na mbili. Angalia namba zilizogongwa kwenye kofia na kwenye bamba zilingane, kopi za mapambo zimejaa sokoni.

DadaWaMwamba:
Kaka, kasema si pambo la sebuleni 😂

MkusanyajiWaKina:
Nimewasoma wote. Helmeti hapana, mke wangu atanihamisha nyumba. LAR V bei yake imenishinda, na IDA-71 sitaki hata muuzaji anitumie ikiwa na makopo yaliyojaa. Nabaki na AVM-5. Fundi, nimuulize nini muuzaji kabla sijatuma pesa?

FundiMitungi:
Picha ya shingo za mitungi kwa karibu, tarehe ya kutengenezwa na ya kipimo cha mwisho zisomeke. Muulize kama ndani kuna kutu, akikwambia "sijui, haijafunguliwa" shusha bei. Vya mpira vyote hesabu ni vya kutupa. Mtu wa kukuchongea viwambo namjua, ukishapata seti njoo PM.

MzeeWaNyambizi:
Na ukiifungua weka picha humu, tuone hiyo shaba.